Utepe Mwekundu

Pale mwalo wa Mwigobero, Musoma, kisu kinachompasua sangara hupita kwanza kwenye ngozi, halafu kwenye utepe mwembamba wa nyama nyekundu uliolala katikati ya ubavu, tangu nyuma ya kichwa hadi kwenye shina la mkia. Chini ya utepe huo ndipo inapoanza nyama nyeupe, nene, tele, mpaka mfupani. Macho ya mnunuzi yako kwenye hiyo nyeupe. Utepe hauulizwi bei. Viwandani, minofu inapoandaliwa kwa safari ya Ulaya, mara nyingi huondolewa kabisa, kwa sababu una mafuta yanayochacha upesi, na rangi yake hugeuka kahawia hata ukiwa kwenye barafu.

Ilhali samaki huyo alipokuwa hai, saa zake karibu zote aliziishi kwa nguvu ya utepe huo. Kwenda kutafuta riziki, kurudi, kusimama mahali pamoja mkondo ukimsukuma, kuzungukazunguka miamba ya kisiwa cha Lukuba usiku kucha, zote hizo ni kazi za nyuzi nyekundu. Nyama nyeupe, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili wake, muda mwingi ilikuwa imekaa ikingoja. Kwa samaki wengi nyuzi nyekundu hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya misuli yote. Mwili umetenga shehena yake kubwa kwa ajili ya nyakati chache, na mwendo wa kila siku umeukabidhi kwa wachache. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, na kadiri ninavyolizungusha ndivyo ninavyoona kwamba linatuhusu hata sisi tunaokaa ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Tofauti ya rangi ni tofauti ya maisha. Uzi mwekundu ni mwembamba, umezungukwa na mishipa midogo ya damu, na ndani yake imo mayoglobini, protini inayoshika oksijeni na kuupa wekundu wake. Umejaa pia mitokondria, sehemu za seli zinazochoma mafuta kwa oksijeni hiyo. Hujikunja polepole, na unaweza kujikunja na kujikunjua usiku na mchana bila kuchoka. Uzi mweupe ni mnene, damu yake haba, mitokondria zake chache. Inapotakiwa kasi hausubiri oksijeni ifike. Huvunja glikojeni, sukari iliyowekwa akiba ndani yake, na kutoa nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja. Gharama inafuata papo hapo: akiba inakwisha, asidi ya laktiki inarundikana, na samaki anahitaji saa nyingi za utulivu kabla hajaweza kuruka tena kama mwanzo. Mvuvi wa ndoano analijua hili kwa mikono yake. Sangara mkubwa akinasa, haburutwi kwa pupa. Huachiwa kamba akimbie, akavutwa, akaachiwa tena, mpaka ubavu wake unapogeuka juu. Kilichomshinda ni kuisha kwa akiba ya nyuzi nyeupe.

Katikati ya hizo mbili ziko nyuzi za waridi, za mwendo wa wastani, ambazo huchelewa kuonekana katika maisha ya samaki. Mwaka 1966, Quentin Bone, mtafiti wa Plymouth, Uingereza, alichapisha matokeo ya kupima umeme wa misuli katika papa wadogo wakiogelea. Kwenye mwendo wa taratibu ni nyuzi nyekundu peke yake zilizofanya kazi. Nyeupe ziliamka pale papa alipofyatuka. Kwa samaki kama sangara na sato mpaka huo si mkali kiasi hicho, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayofika kwenye nyuzi zao nyeupe ni mingi zaidi, na inaweza kuziita chache chache hata kwa kasi ya kati. Mgawanyo wenyewe lakini haubadiliki. Kuku wa kienyeji tunamjua hivyo hivyo: paja jekundu la kuparura ua kutwa, kidari cheupe cha kurukia juu ya paa mbwa anapotokea. Sisi binadamu tuna aina zote mbili zikiwa zimechanganyika ndani ya msuli mmoja, uzi huu kando ya uzi ule. Samaki amezitenga, kila moja mahali pake, ndiyo maana anaweza kutufundisha kwa kupasuliwa tu.

Swali lililonivuta zaidi ni la mwanzo wake. Nani aliufikisha utepe ule pembeni, chini ya ngozi? Jibu limetoka kwa jamaa wa dagaa. Dagaa wetu, huyu ambaye hata akikomaa ni wa sentimita chache tu, anayevuliwa kwa taa usiku wa kiza na kuanikwa mchana, ana ndugu wa mbali huko Asia ya Kusini, samaki mdogo mwenye milia anayeitwa zebrafish. Wanasayansi wa nchi nyingi wamemfuga maabara kwa sababu yai lake ni angavu: mtu anaweza kuweka jicho kwenye hadubini na kumwona samaki akijengwa mbele yake. Mwaka 1996, Stephen Devoto na wenzake, wakiwa Oregon, Marekani, walionyesha safari ambayo haikutarajiwa. Walizitia rangi seli moja moja za kiinitete, wakazifuata. Zile zilizokuwa zije kuwa nyuzi nyekundu zilianzia ndani kabisa, zikiegemea ugwe laini ambao baadaye uti wa mgongo hujengwa kuuzunguka. Ishara ya kikemikali kutoka kwenye ugwe huo ndiyo iliyoziambia ziwe nini. Kisha zikaondoka. Kutoka kitovuni mwa mwili zilipenya katikati ya seli nyingine, zikaenda nje, mpaka zikajipanga safu moja chini ya ngozi. Ni kama 20 tu kwa kila pingili ya mwili, kwa kila upande, na kazi hiyo huisha ndani ya siku ya kwanza ya uhai. Chache hubaki nyuma, katikati, na kuweka alama ya mpaka utakaotenga ubavu wa juu na wa chini.

Mwaka 2004 Clarissa Henry na Sharon Amacher waliongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Seli hizo nyekundu zinapopita, zile zinazopitwa, zilizokuwa bado fupi na za duara, hurefuka na kuwa nyuzi nyeupe. Wimbi la kurefuka linafuata njia ya msafara, kutoka ndani kwenda nje. Maana yake ni kwamba ule wingi wote mweupe, ile minofu inayopimwa kwa kilo na kupakiwa kwenye ndege, mwanzoni ulipata umbo kwa kupitiwa na wachache waliokuwa wakielekea kwenye kazi yao ya kila siku. Kile kilichotangulia hakikuwa nguvu za dharura. Zilitangulia nyuzi za mwendo wa kudumu, na zile za dharura zikajipanga nyuma yake.

Siku hizo za mwanzo, samaki wa ziwa letu hawazipitii mahali pamoja. Sangara humwaga mayai kwa mamilioni, madogo, kila moja na tone la mafuta la kulielesha majini, na huondoka. Kamongo dume hutengeneza kiota kwenye matope ya mafunjo na kukilinda mpaka watoto wajiweze. Sato jike huyachukua mayai yake kinywani, akayaatamia humo, na katika maji ya joto ya ziwa hili huanguliwa baada ya siku chache tu. Mitukutiko ya kwanza ya mkia wa mtoto wa sato hutokea ndani ya mdomo wa mama yake, gizani, mahali ambapo hakuna pa kwenda.

Kifaranga anapoanguliwa, matamvua yake bado hayajakomaa, na oksijeni nyingi huipata kupitia ngozi. Umbo lake dogo linamruhusu. Safu ile nyekundu chini ya ngozi imeufunika mwili karibu wote, na wapo wataalamu waliowahi kupendekeza kwamba katika umri huo inasaidia hata kupokea hewa, si kusukuma tu. Hata nyuzi zake za ndani, zile zitakazokuwa nyeupe, bado zina mitokondria nyingi na zinategemea oksijeni. Uwezo wa kufyatuka kwa akiba, bila kusubiri hewa, hujengeka taratibu kadiri anavyokua. Anaweza kushtuka na kujipinda, kwa kuwa ubongoni ana jozi ya seli kubwa za fahamu zinazoamrisha upande mmoja wa mwili ujikunje mara moja adui anapogusa maji. Hawezi kukimbia mbali. Ndiyo maana watoto wa sato, hata wakishaanza kuogelea, hatari ikitokea hurudi kundi zima kinywani mwa mama. Ule mdomo unashika nafasi ya misuli ambayo mtoto hajaipata. Mtoto wa sangara hana mdomo wa kurudia. Mama yake alilipia hatari hiyo mapema, kwa idadi ya mayai.

Halafu huja kukua, na hapa samaki anatuacha mbali. Sisi tunazaliwa na idadi ya nyuzi za misuli ambayo karibu haibadiliki. Mtoto wa Bunda anayekuja kuwa baunsa hakuongeza nyuzi, alizinenepesha alizonazo. Samaki anaongeza. Seli shina zilizotawanyika katikati ya misuli yake huendelea kuzaa nyuzi mpya baina ya zile za zamani, hivi kwamba ukikata msuli wa samaki anayekua na kuutazama kwa hadubini, utaona nyembamba na nene zikiwa bega kwa bega, za jana na za mwaka juzi. Kwa samaki wadogo kama dagaa, umri wa kuongeza idadi ni mfupi. Kwa sangara, anayeweza kufika urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, ni mrefu sana. Hata joto la maji ambamo yai liliatamiwa huacha alama: Ian Johnston na wenzake wa St Andrews, Uskoti, walionyesha kwa samaki wa maji ya baridi kwamba nyuzi ambazo samaki anakuwa nazo baadaye hutegemea pia hali ya siku alizokuwa yaini. Utoto unaisha, hesabu yake inabaki mwilini.

Ukiwa na macho hayo, ziwa unalisoma upya. Ningu alikuwa akipanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, Mto Mara ukiwa mmojawapo, akishindana na mkondo siku nyingi kwa nguvu ya nyuzi zake nyekundu. Uvumilivu huo ndio uliomponza, kwa sababu aliyepita kila mwaka mlango uleule ni rahisi kumtegea, na nyavu zilizowekwa midomoni mwa mito zimempunguza mno. Furu, wale wadogo wa mamia ya aina, walipatwa na jambo jingine. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, furu wakatoweka kwa wingi. Wachache walirudi. Watafiti wa Uholanzi na Tanzania waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza, Frans Witte akiwa mmoja wao, walipima aina moja ya hao waliorudi, wakailinganisha na mababu zake waliohifadhiwa kabla ya janga. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilisema kwamba ndani ya miongo miwili tu eneo la matamvua lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64, jawabu kwa maji yaliyopungukiwa oksijeni, na shina la mkia lilikuwa limenenepa, umbo linalomfaa anayetakiwa kufyatuka mbele ya mwindaji. Furu aliongeza pande zote mbili kwa pamoja: pumzi ya kila siku na mruko wa dharura. Hakupewa nafasi ya kuchagua moja.

Yako mambo ambayo hata maumbile hayo hayayawezi. Machi 2022, maji ya Mto Mara kuelekea daraja la Kirumi, upande wa Butiama, yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema oksijeni iliisha majini kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, jibu lililozua ubishi mkubwa nchi nzima. Ubishi ule ulikuwa juu ya nani alaumiwe. Upande wa samaki, oksijeni ikiisha mambo hayana ubishi. Nyuzi nyekundu ndizo za kwanza kukwama, kwa kuwa bila oksijeni hazina kazi. Samaki hujitupa kwa nyeupe, anaruka huku na huko kutafuta maji mengine, na akiba ile haitoshi kuvuka kilomita za maji mabovu. Misuli ya dharura ilitengenezwa kumwepusha na meno ya adui mmoja kwa sekunde chache. Haikutengenezwa kumtoa kwenye mto uliokosa pumzi. Kamongo na kambare, wenye viungo vya kuvuta hewa ya juu, wana pa kukimbilia. Wengine hawana.

Narudi kwenye meza. Mnofu mweupe hupanda ndege. Kilichobaki baada ya kisu cha kiwandani, kichwa na mgongo, tunakiita panki, na mapanki yamelisha familia nyingi za kanda hii tangu viwanda vifunguliwe. Dagaa hana minofu ya kukatwa. Anatoka Musoma na Bunda kwenye magunia, anapanda hadi Butiama, kwenye vilima vya Mwitongo ambako ziwa liko mbali, na huko analiwa mzima kwa ugali wa udaga: wekundu wake, weupe wake, mifupa na kichwa. Kwa jicho la soko yeye ndiye duni. Kwa jicho la mwili, mlaji wa dagaa ndiye pekee aliyepewa samaki kamili, pamoja na ile sehemu iliyofanya kazi.

Na hapo ndipo ninapoona kasoro yetu. Tunalilinda ziwa kwa nyuzi nyeupe. Mwaka 2018 ilikuja Operesheni Sangara: nyavu haramu zikachomwa moto, makokoro yakateketezwa, faini zikatozwa, magari yakakimbia mwalo hadi mwalo. Zilikuwa nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja, na sisemi hazikuhitajika. Adui akiwa karibu, samaki haendi polepole. Lakini msuli mweupe una sheria yake, kwamba baada ya mruko huja uchovu, na katika uchovu ule makokoro hurudi kwenye maji mafupi ya Ghuba ya Speke, palepale ambapo vifaranga wamejificha wakisubiri misuli yao ikomae. Sheria inakataza kumvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya 25. Sangara wa sentimita 40 bado yuko kwenye umri wa kuongeza nyuzi, na majike wengi wa urefu huo hawajataga hata mara moja. Kumvua huyo ni kuchukua nyama kidogo na kufuta nyingi ambayo ilikuwa imeshaanza kuandaliwa.

Kazi ya kumfikisha kwenye sentimita 50 si ya operesheni. Ni ya BMU, vile vikundi vya wavuvi wenyewe vinavyolinda rasilimali kwenye kila mwalo. Ni ya afisa uvuvi anayefika alfajiri na rula yake boti zinapotia nanga, ya mwenye shamba anayeyaacha mafunjo ya mtoni bila kuyachoma, ya mfugaji anayewanyweshea ng'ombe wake mahali palipopangwa. Ni kazi nyembamba, inayohitaji pumzi kidogo kidogo kila siku, na hakuna kamera inayokuja kuipiga picha. Katika kiinitete, kazi ya namna hiyo ndiyo iliyotangulia, na nguvu kubwa ikapata umbo kwa kuifuata. Kwetu mpangilio umegeuzwa. Atakayetaka kujua kama mkoa wa Mara unawalinda samaki wake asihesabu nyavu zilizochomwa. Aende mwalo wowote kati ya Musoma na Bunda, awaulize BMU mwaka huu walipewa mafuta ya boti ya doria mara ngapi.